Neno la Kufungulia Maji

Wapo watakaouliza nchi ya Baina iko upande gani, na wengine watataka kujua Chande alifikaje huko, kwa miguu au kwa kupakiwa. Hayo hayatusaidii. Alitoka Bondeni akafika Baina, na tuanzie hapo, maana yaliyomuudhi yote yalianza alipofika.

Chande Likwata alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa miaka arobaini na ushei, mpole ukimwacha apumue. Wenzake wa Bondeni walimtuma yeye kwa sababu dada yake, Somoe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wakulima, na kwa sababu yeye peke yake alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na kubakiwa na Kiingereza cha kuombea maji. Kila mtu Bondeni alijua kwamba Baina inaendeshwa kwa karatasi za Kiingereza. Kwa nini iwe hivyo, wakati Mwingereza wa mwisho kukaa huko alishasahaulika hata jina, hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye shida hana nafasi ya kuuliza maswali kama hayo.

"Miche ina siku kumi na mbili kwenye vitalu," Somoe alimwambia siku ya kuondoka. "Isipopata maji ya kupandikizia ndani ya siku hizo, mwaka huu ni mihogo, na mwakani mbegu hatuna. Nenda, omba, rudi. Usiende kupiga soga, mdogo wangu."

"Soga na nani, dada? Naomba maji tu."

Bwawa lilikuwa Baina, juu kwenye miamba, na lilijengwa zamani na watu wa nchi zote mbili kwa jasho lao. Makubaliano yalikuwa kwamba Wabaina walitunze lango, na watu wa chini wapewe maji wakiyaomba. Chande alifika siku ya pili ya safari, akaingia Ofisi ya Lango na barua yake mkononi, iliyoandikwa kwa Kiingereza safi na kupigwa mhuri wa kijiji. Kichwani alishaanza kupanga safari ya kurudi.

Ofisi ile ilikuwa na milango miwili iliyotazama ua mmoja. Juu ya mlango wa kulia waliandika *if*. Juu ya mlango wa kushoto waliandika *when*. Katikati alikaa karani mmoja mwenye miwani mizito, na kofia yake ilikuwa nusu nyeupe nusu nyeusi, kwa maana kazi yake haikumruhusu kupendelea upande.

Karani alisoma barua mara mbili, akausifu mwandiko, kisha akamweleza mgeni hali ya mambo. Mkataba wa bwawa ulikuwa sentensi mbili tu za Kiingereza. Ya kwanza ilisema lango litafunguliwa, halafu likaja neno dogo, halafu ikasema watu wa chini waombe maji. Karatasi yenyewe iliungua zamani katika moto wa ofisi, moto ambao ungezimwa mapema kama kanuni ya wazima moto nayo isingekuwa na neno dogo kama hilo ndani yake. Zikabaki nakala mbili. Nakala ya mlango wa kulia ilisema lango litafunguliwa *if* watu wa chini wataomba. Nakala ya mlango wa kushoto ilisema litafunguliwa *when*.

"Sasa," karani alisema, "ndiyo mashaka yetu hayo."

Chande alisubiri kidogo aone kama kuna kingine. Hakikuwepo.

"Lakini, ndugu yangu, mimi nimeshaomba. Barua unayo mkononi. Kama ni neno la kulia, nimeomba. Kama ni neno la kushoto, nimeomba vilevile. Kwa vyovyote lango linafunguliwa."

"Ah, hilo halina ubishi kabisa," karani alisema kwa furaha. "Hakuna mtu hapa Baina anayebisha kwamba lango litafunguliwa. Tunachobisha ni litafunguliwa kwa neno lipi."

Ndipo Chande alipoanza kuijua nchi aliyoingia. Sheria kuu ya Baina ilikuwa kwamba tendo halitendwi kabla neno lake halijapewa cheo. Si kwamba Wabaina walikuwa wavivu. Walifanya kazi kutwa, tena kwa bidii, ila kazi yenyewe ilikuwa kupambanua maneno. Nchi nzima iligawanyika katika Nyumba mbili. Waliozaliwa kulia walikuwa watu wa *if* na walivaa nyeupe, waliozaliwa kushoto walikuwa watu wa *when* na walivaa nyeusi, na waliooana kutoka Nyumba tofauti walikula kimya. Katika zahanati aliyolala jirani nayo, Chande alimwona mgonjwa mmoja amekaa kitandani, macho makavu, anaangalia bakuli la uji lililofunikwa. Maelezo ya daktari yalisema apewe uji, halafu neno dogo, halafu azinduke. Mgonjwa alizinduka tangu juzi. Wauguzi walikuwa wakisubiri neno.

"Mpeni uji jamani!" Chande aliwaambia.

"Tutampa," muuguzi mmoja alimjibu bila kununa. "Wewe unadhani hatumpendi?"

Uji huo Chande alimnywesha mwenyewe walipogeuka, na hakuna aliyesema kitu. Wala hakulitafakari jambo hilo, na mimi nikilikumbuka namlaumu.

Baada ya siku mbili alirudi ofisini akaambiwa shauri la lango limepangiwa kusikilizwa keshokutwa, kwa kuwa kesho ni Sikukuu. Akauliza sikukuu ya nini. Karani akashangaa kwamba kuna mtu asiyeijua. Wasomi wa Baina waligundua zamani kwamba yale maneno mawili, pamoja na uadui wao wote, yana tabia moja ya kufanana: nyuma yake halifuati neno *will*, hata kama jambo linalosemwa ni la kesho. Basi mara moja kwa mwaka Nyumba zote mbili hukutana uwanjani kushukuru kwa hilo. Ofisi hufungwa, ng'ombe huchinjwa, na watu hutembea wakiwa wameshikana mikono, mweupe na mweusi, wakiimba kwamba *will* haiji.

Chande alipewa sahani ya pilau akakaa pembeni akila kwa hasira. Nusu ya sherehe haijafika, mwalimu mmoja wa kike wa Nyumba ya kushoto alisimama juu ya kiti akasema kwa nia njema kwamba *when* inapouliza, *will* hufuata bila shida yoyote, na akatoa mfano: *When will you come?* Kisha kikaruka kiti cha kwanza. Jioni majeruhi walikuwa kumi na mmoja, na zahanati haikuweza kuwatibu wote, kwa sababu ilikuwa bado na shauri la uji.

Siku tatu zikawa zimeliwa, ukichanganya na mbili za njiani ni tano. Chande alizihesabu kwa vidole na kuzihesabu tena, kana kwamba mara ya pili zitapungua.

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi mkubwa uliojaa hadi madirishani. Upande wa *if* alisimama Bwana Tashwishi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi, aliyeanza kila jambo kwa "tuseme". Upande wa *when* alisimama Bi Yakini, mwanamke mnene mwenye kifua cha kuimbia, ambaye hakuwahi kusema "tuseme" maishani mwake. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kofia ya nusu kwa nusu, kama karani.

"*When* ni neno la watu wenye imani," Bi Yakini alianza. "Ukisema *when* mvua inanyesha, umeshakubali itanyesha, kilichobaki ni saa tu. Na tazameni kazi zake! Linauliza, na hapo ni kiulizi. Linaunganisha sentensi mbili, na hapo ni kiunganishi. Linaeleza wakati, na hapo ni kielezi. *If* linafanya nini? Linaunganisha. Basi! Limemaliza, linakwenda kulala."

Weusi wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini.

"Tuseme ni kweli," Bwana Tashwishi alijibu taratibu. "Tuseme *when* lina vibarua vitatu. Mtu mwenye vibarua vitatu mnamkuta wapi? Anahemea njiani. *If* limekaa mahali pake, linaweka sharti lake, na linajua adabu. Ukisema lango litafunguliwa *if* watu wa chini wataomba, umewaachia hiari. Wanaweza kuomba, wanaweza kutoomba, ni watu huru. Mwenzangu akisema *when* wataomba, ameshawafanya ombaomba tangu mwanzo. Anakaa dirishani kuwasubiri waje na vibakuli."

"Ombaomba?" Bi Yakini alifoka. "Wewe ndiye unayewatilia shaka kama kweli wana kiu! *If*! Eti huenda wakaomba! Kama vile watu wale wana mto mwingine mfukoni!"

Chande alinyoosha mkono. Mwenyekiti hakumwona. Akasimama.

"Waheshimiwa, samahanini. Hao watu wa chini mnaowasema ndio mimi. Nipo. Nina kiu, na nimeomba tayari, wiki inakwisha. Naomba tena mbele yenu nyote: naomba maji."

Ukumbi ulimtazama kwa upole. Bwana Tashwishi hata alimwinamia kidogo. Mwenyekiti akagonga meza.

"Mgeni ataheshimu utaratibu," alisema. "Suala la kuomba halimo katika ajenda."

Waliendelea siku tatu nyingine. Mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa akisinzia, aliamka akasema kwamba katika mambo yaliyo kweli siku zote, kama vile barafu ikipata moto inayeyuka, maneno yote mawili hukaa mahali pamoja na maana haibadiliki hata chembe. Mwenyekiti aliamuru kauli hiyo ifutwe katika kumbukumbu, na mzee akaambiwa akapumzike nyumbani kwa kudumu. Siku ya pili wakamwita Chande kizimbani, naye akaenda mbio akidhani ni habari ya maji. Lakini walitaka tu kusikia watu wake husemaje.

"Sisi tunasema maji yakiisha, mpunga utakufa," Chande alisema.

"Yakiisha kwa maana ya *if*, au yakiisha kwa maana ya *when*?" Bi Yakini aliuliza, kalamu tayari.

"Yote mawili, mama. Kwetu mtu akisema yakiisha, watu wanachukua majembe wanakwenda kuangalia mfereji."

Kukawa na minong'ono ya huruma. Bwana Tashwishi alipangusa miwani yake. "Masikini," alimwambia aliyekaa naye. "Wanaishije?"

Na hili sasa silisemi kumcheka, lakini halina budi kusemwa. Mchana wa siku ya tatu, kwenye mgahawa, Chande alikuta ameandika nyuma ya nakala aliyobaki nayo ya barua ya Somoe hoja tano za kuitetea *when*. Alikuwa ameipata ya sita, na ilikuwa nzuri. Alikuwa amesahau chai yake mpaka ikapoa. Alipogundua anafanya nini alijisikia aibu ya kutaka kujificha chini ya meza, akaikunjakunja ile karatasi akaitupa. Kule chini miche ilikuwa inageuka manjano, na yeye alikuwa ameanza kuonja utamu wa ubishi.

Ndipo alipoingia ofisini kwa karani akapiga meza kwa ngumi.

"Nifanye nini? Niambie kitu kimoja tu ninachoweza kufanya leo!"

Karani, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alifikiri. Akasema kuna njia ya mgeni kulitaka baraza liharakishe, ila ni lazima kwanza afaulu Mtihani wa Kutenganisha, ili ijulikane kwamba anajua anachoharakisha. Mtihani ulikuwa swali moja. Eleza, kwa kurasa zisizopungua ishirini, tofauti ya *if* na *when* kwa maana na kwa kazi, ukionyesha mifano.

Chande alipewa chumba, kalamu na kurasa ishirini. Alikaa saa nzima akiutazama ukurasa wa kwanza. Alizijua tofauti zote kwa sasa. Angeweza kujaza kurasa arobaini. Lakini mkono wake ulikuwa umechoka hata kabla ya kuandika. Mwisho aliandika mstari mmoja kwa herufi kubwa: "Vyovyote vile. Fungueni maji." Akainuka akatoka.

Alipata sifuri. Na hapa lazima nieleze desturi moja ya Baina ambayo mimi binafsi sijaiona popote. Aliyefaulu hapewi cheti. Wabaina husema aliyefaulu atajulikana akifungua mdomo. Cheti hupewa aliyefeli, ili mtu huyo asije akachanganywa na wengine, na kwa hiyo hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Karatasi ngumu, maandishi ya dhahabu ya Kiingereza kirefu, utepe mwekundu, na chini yake mhuri mkubwa wa buluu wa Baraza lote. Chande alikabidhiwa chake kesho yake asubuhi, na karani akampa mkono wa pole.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Alitoka ofisini hajui anakokwenda, miguu ikamteremsha bila kuuliza, mpaka akajikuta chini ya ukuta wa bwawa. Palikuwa na kibanda, na mbele ya kibanda mwanamke wa makamo alikuwa akibangua korosho. Nyuma yake, kwenye ukuta, lilikaa gurudumu la chuma jeusi kwa grisi. Mwanamke huyo alikuwa Bi Mwasiti, mlinzi wa lango. Hakuvaa nyeupe wala nyeusi.

"Karibu, baba," alisema. "Umeleta karatasi?"

Chande alifungua mdomo amweleze yote: mkataba, Nyumba mbili, viti vilivyoruka, sifuri. Lakini mama yule alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaichukua ile karatasi ngumu, akapitisha kidole kwenye utepe, akautafuta mhuri wa buluu, akauona. Kisha akaenda kulishika gurudumu.

"Mama, subiri... umeisoma?"

"Nisome nini? Mimi Kiingereza sijui. Nimeambiwa ikija karatasi yenye mhuri wa buluu, nigeuze." Akageuza.

Maji yalitoka kwa kishindo kilichomfanya Chande aruke nyuma. Alisimama akiyatazama yakifuata mfereji kuelekea kwao, na machozi yakamtoka, kisha akaanza kucheka, kisha akakimbia. Alikimbia sambamba na maji mpaka yakamshinda. Alipofika Bondeni alikuta watu wameshaingia kwenye majaruba, matope hadi kwenye vifundo, wanapandikiza na kuimba. Somoe alimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wakiwa wadogo. Akamuuliza alishindaje.

"Nilifeli," Chande alisema. Walidhani anatania.

Kwa siku tano hakukuwa na mtu mwenye raha kama yeye. Siku ya sita maji yalifika nusu ya miche. Siku ya saba wakatoboa kingo ili yapungue, na hayakupungua. Siku ya nane yalifika magotini, na kwenye majaruba ya chini zilionekana ncha tu za majani, na mengine hayakuonekana kabisa.

"Siku nne nyingine na yote yataoza," Somoe alisema. "Rudi kawaambie yatosha. Wewe unawajua."

Chande alitaka kumwambia kwamba kuwajua ndiko kunakomtia hofu. Lakini aliiona mikono ya dada yake, imejikunja kwa kukaa majini, akaondoka.

Alipofika Ofisi ya Lango, ngurumo ya maji ilisikika hadi chumbani, na vikombe vya chai vilitetemeka mezani. Bwana Tashwishi na Bi Yakini walikuwapo wote wawili wanapitia majalada. Walimkaribisha kwa heshima. Chande akasema bila hata kukaa: amekuja kuomba lango lifungwe, watu wake wanazama.

Wale wawili walitazamana.

"Tuseme," Bwana Tashwishi alisema, "sentensi ya pili ya mkataba inaruhusu lango kufungwa. Inasema litafungwa, halafu neno, halafu watu wa chini watosheke. Lakini hatujafika kwenye sentensi ya pili. Ya kwanza haijaamuliwa."

"Maana yake nini?"

"Maana yake lango halijafunguliwa," alisema Bi Yakini, na hii ilikuwa mara ya kwanza Chande kuwaona wakikubaliana kitu nje ya Sikukuu. "Baraza halijatoa neno. Pasipo neno hakuna tendo. Kisheria lango limefungwa, na huwezi kuomba lifungwe lango lililofungwa."

"Sikilizeni!" Chande alipiga kelele. Alikwenda dirishani akaonyesha kwa mkono wote. "Yasikieni! Yanapita hapo chini! Yamepita siku kumi!"

Bi Yakini alikuja dirishani. Alitazama chini kwa muda mrefu, na povu la maji lilimrukia usoni. Alijipangusa kwa kitambaa.

"Hilo," alisema hatimaye, "litabidi lijadiliwe."

Chande alikuwa na maneno mengi, yote ya matusi, akayaacha hapo hapo. Alishuka ngazi mbili mbili mpaka chini ya ukuta. Bi Mwasiti alikuwa palepale na korosho zake. Alimtazama mikono.

"Hujaleta karatasi."

"Sina. Sitapewa. Mama, wewe mwenyewe unayaona maji."

"Nayaona. Nimeyaona tangu siku ya tatu kwamba yamezidi. Lakini bila karatasi sigeuzi, baba, watanifukuza, na hiki kibanda ndicho nyumba yangu."

"Na mimi je? Nikigeuza mimi?"

Bi Mwasiti aliacha kubangua. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halijawahi kuulizwa.

"Mimi nimekatazwa kugeuza bila karatasi," alisema. "Kumzuia mtu, hawajaniambia."

Chande akalishika gurudumu. Alijiandaa kwa nguvu zote, akatanua miguu, akauma meno, akasukuma. Lilizunguka. Lilikuwa jepesi hata akapepesuka karibu aanguke. Alizungusha mara tisa na kishindo kikapungua, mara tatu tena na likabaki tone tone, kisha kimya. Kutoka juu, dirishani, sauti za Bi Yakini na Bwana Tashwishi ziliendelea kubishana, na sasa kwa kuwa maji yalinyamaza zilisikika vizuri zaidi.

Alisimama na grisi mikononi. Hasira iliyomjia haikuwa tena ya watu wa juu.

"Mama," alisema, "siku ile nilipoleta cheti. Kwa nini hukuniambia kwamba naweza kugeuza mwenyewe?"

"Uliniletea karatasi nzuri, baba, ina utepe," Bi Mwasiti alisema. "Nilidhani watu wa chini ndivyo mnavyopenda."

Alirudi Bondeni. Zaidi ya nusu ya majaruba yalikuwa yameoza. Harufu ilimpokea kabla hajayaona. Mpunga wa juu ulisalimika, na Somoe alikuwa ameinama katikati ya jaruba pamoja na wanawake wengine, wakitoa miche iliyobanana upande mmoja na kuijaza palipobaki wazi. Alimwona mdogo wake akaunyoosha mgongo, mkono kiunoni.

"Maji yamesimama," alisema. "Walikubali?"

"Sikuwauliza."

Somoe akampa fungu la miche, akamwonyesha mahali pa kuanzia, nao wakaendelea kupandikiza.